Mkate Ulitoka Wapi? Historia ya Mikate na Majina Yake Kutoka Pwani Hadi Vilima vya Gitega

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wetu mmoja alipangiwa shule ya Ryansoro, katika vilima vya Gitega. Somo lake la kwanza lilihusu msamiati wa vyakula. Aliandika ubaoni swali jepesi: "Asubuhi umekula nini?" Mtoto wa kwanza akajibu, "Nimekula mkate na chai." Wa pili akajibu vivyo hivyo, na wa tatu pia, mpaka safu nzima ikaisha. Mwanafunzi wetu alifurahi, kwani sarufi ilikuwa sahihi. Baada ya kipindi mwalimu mwenyeji alimwambia kwa upole, "Mwalimu, huku mkate huonekana mtu anaporudi kutoka mjini. Watoto hao wamekula viazi vitamu vya jana, na wengine hawajala kitu."

Kisa hicho kilitufikia kupitia ripoti ya mwanafunzi huyo, nasi tukakijadili idarani kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Watoto wale hawakukusudia kudanganya. Walijua Kiswahili cha kitabuni kinataka nini. Kitabu kina picha ya meza, kikombe na mkate uliokatwa vipande. Viazi vitamu havimo. Kwa hiyo walifahamu, bila ya kuambiwa, kwamba chakula cha kwao hakina nafasi katika lugha hii, na kwamba lugha hii ni ya watu wengine wanaokula vitu vingine.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza swali linalotokana na kisa hicho: mkate ni chakula cha nani? Tutaangalia asili ya mikate ya Afrika Mashariki na ya majina yake, namna ilivyofika Burundi, na nini mwalimu wa Kiswahili anaweza kufanya na historia hiyo darasani. Tutaanza mbali kidogo, nchini Meksiko, kwa sababu huko swali hilihili limepata jibu lenye mafunzo kwetu.

Mfano wa Meksiko

Meksiko ni nchi yenye mikate mingi mno, na kila mmoja una jina lake. Upo unaoitwa "concha", yaani kombe la baharini, kwa sababu juu yake huchorwa mistari kama ya kombe. Upo "cuerno", yaani pembe, na "oreja", yaani sikio. Tarehe 6 Januari watu hukata mkate wa duara uitwao "rosca de Reyes", ambao ndani yake hufichwa kisanamu kidogo cha mtoto. Atakayekikuta katika kipande chake ndiye atakayewaandalia wenzake chakula tarehe 2 Februari. Tarehe 1 na 2 Novemba, siku za kuwakumbuka marehemu, huokwa "pan de muerto", yaani mkate wa wafu, wenye vinundu vya unga vilivyofinyangwa kwa umbo la mifupa.

Hata hivyo, ngano si mmea wa asili wa Meksiko. Kabla Wahispania hawajauteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, mkate wa wenyeji ulikuwa wa mahindi: duara jembamba lililochomwa juu ya kikaango cha udongo. Kwa lugha yao ya Kinahuatl uliitwa "tlaxcalli". Wahispania walipouona waliuita "tortilla", yaani mkate mdogo. Tazama jambo hilo kwa jicho la mwanaisimu: chakula kilichokuwa nguzo ya maisha ya watu kikapewa jina la udogo na watu waliokuwa na mkate mwingine vichwani mwao. Mapadri nao walihitaji ngano, kwani katika Kanisa Katoliki hostia hutengenezwa kwa unga wa ngano, si wa nafaka nyingine. Hivyo ngano iliingia pamoja na utawala na dini.

Ni nani aliyepanda ngano ya kwanza huko? Mwaka 1538 mtu mweusi aliyeitwa Juan Garrido aliwasilisha maombi kwa mfalme wa Hispania. Alikuwa Mwafrika aliyepitia Lisbon akiwa kijana, kisha akavuka bahari na kushiriki katika vita vya Hernán Cortés. Katika maombi yake alieleza kwamba yeye ndiye wa kwanza kupanda na kuvuna ngano katika nchi ile. Basi mkate wa Meksiko una mkono wa Mwafrika ndani yake tangu mbegu ya kwanza.

Na kuna upande wa pili wa biashara hiyo. Mahindi, ambayo wataalamu wa akiolojia na jenetiki wanakubaliana kwamba yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, yalivuka bahari kuja kwetu. Leo yanaota Ryansoro kwa jina la "ibigori", na hakuna anayeyaita chakula cha kigeni. Kiswahili chenyewe kinayaita mahindi, kana kwamba yametoka India. Jina la chakula, basi, si cheti cha kuzaliwa. Mara nyingi linatuonyesha mlango ambao chakula kilipitia, au mlango ambao watu walidhani kilipitia.

Mkate wa pwani kabla ya boflo

Wanafunzi wetu wengi huamini kwamba neno mkate liliingia Afrika Mashariki pamoja na Wazungu, kwa kuwa wanapolisikia huona akilini mwao mkate wa ngano uliookwa kwenye bati. Imani hiyo haina msingi. Waswahili walikuwa na mikate yao, na neno lao, na walilitumia kwa upana sana. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba mkate ni andazi au kitu chochote chenye umbo la namna hiyo, na miongoni mwa mifano yake upo mkate wa tumbaku, yaani tumbaku iliyoshindiliwa ikawa donge. Maana ya msingi, basi, ni umbo la kitu kilichokandwa au kilichomiminwa kikashikana. Aina ya nafaka haimo katika maana hiyo.

Ushahidi wa nafaka zenyewe ni wa kale. Uchimbuzi uliofanywa kisiwani Pemba unaonyesha kwamba katika makazi ya karne za mwanzo za miji ya pwani nafaka kuu ilikuwa uwele, na kwamba mchele ulishika nafasi kubwa baadaye, kuanzia karibu na karne ya 11. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alisimulia kwamba watu wa Mombasa hawakuwa na kilimo cha nafaka kisiwani, bali waliletewa kutoka bara, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Mkate wa mwanzo wa pwani, kwa hiyo, ulitegemea mawele, mtama na mchele, na ulitegemea pia uhusiano na watu wa bara waliozilima nafaka hizo.

Majina ya mikate ya Kiswahili yanaeleza kazi ya mpishi. Mkate wa kumimina ni wa mchele uliorowekwa, ukasagwa pamoja na tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa chomboni na kuwekewa moto chini na juu. Mkate wa kusukuma husukumwa kwa kijiti cha duara juu ya kibao. Mkate wa sinia huiva katika sinia. Mkate wa ufuta wa Zanzibar hukandwa mwororo kwa tui, hunyunyiziwa ufuta, na hupendwa zaidi mwezi wa Ramadhani. Mkate wa mofa ni wa unga wa mtama au mawele, nao umepewa jina la tanuri dogo la udongo linalouoka. Kwa upande wa maumbo, mtindo wa majina haya ni uleule: jina, kiunganishi cha -a, kisha kitenzi au nomino inayoeleza njia, chombo au kiungo. Mwalimu wa sarufi hapati mfano bora kuliko huu wa matumizi ya -a unganifu.

Mkate wa ngano wa kuokwa kwenye tanuri la mwokaji ulipoenea mijini, watu wa Zanzibar na Mombasa hawakulitupa neno la zamani. Waliuita boflo, au mkate wa boflo. Yaani huo mgeni ndio uliopewa jina la ziada la kuutofautisha, na mikate ya nyumbani ikabaki mikate tu. Hapa ndipo tunapotofautiana na Meksiko: kwetu mkate wa mwenyeji haukuitwa mdogo.

Walikuja na majina yao

Hatusemi kwamba kila kitu kilianzia hapa. Pwani ilikuwa njia panda, na jikoni ndimo tunamoliona jambo hilo waziwazi. Neno tanuri limetoka katika Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu liko katika Kiakadi, lugha ya Mesopotamia ya kale; ni ndugu wa "tandoor" la Wahindi. Hamira na mahamri yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuumuka na kuchacha. Kando ya hamira tunalo neno letu la Kibantu, chachu, lililotoka katika kuchacha. Maneno yote mawili yamebaki, kila moja na kazi yake: hamira hununuliwa dukani, chachu hutiwa pia katika mafumbo na hotuba. Sambusa ina asili ya Kiajemi na ilipitia Uarabuni.

Andazi ni letu. Limeundwa kutokana na kitenzi andaa, yaani kutayarisha, hasa chakula, na maandazi ni vitu vilivyoandaliwa. Wazungumzaji wa leo wengi husema mandazi kwa umoja na wingi, na walimu wengi hulisahihisha hilo kwa kalamu nyekundu. Tunashauri kalamu hiyo itumike kwa hadhari, kwa sababu tutaona punde kwamba safari ya neno hilo kwenda bara imeleta maumbo mengine ya kuvutia.

Chapati imetoka India. Wahindi walifanya biashara katika pwani yetu kwa karne nyingi, lakini ujenzi wa reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901 uliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na maduka ya Wahindi yakafuata reli hiyo kuingia bara. Leo chapati ni chakula cha sikukuu katika nyumba nyingi za Kenya ambazo hazina Mhindi hata mmoja katika ukoo. Uganda imeikunja na mayai na kuiita "rolex", neno lililotoka katika maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa, si katika saa ya mkononi.

Wareno nao walikuwepo. Walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593 na wakaishikilia mpaka mwaka 1698. Walituachia meza, leso na gereza. Neno lao la mkate, "pão", lilikwenda mbali: Wajapani wanaliita "pan" na Wahindi wa Bombay "pav". Waswahili hawakulichukua. Lugha hukopa inapohitaji, na Mswahili alikuwa na mkate wake tayari.

Kutoka Ujiji hadi Gitega

Mkate ulifikaje Burundi? Njia ya kwanza ilikuwa ya misafara. Ujiji ilikuwa mji wa soko wa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu wakati Burton na Speke walipofika huko Februari 1858. Kutoka Ujiji lugha na desturi za pwani ziliambaa ufuoni mwa Ziwa Tanganyika mpaka Rumonge na Uvira. Vilima vya ndani, lakini, vilibaki nje. Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia kwa nguvu, na mfalme Mwezi Gisabo akamzuia. Hatuna budi kulikumbuka jambo hili tunapofundisha. Kwa Warundi wa vilimani, Kiswahili kilianza kusikika kikiwa lugha ya watu waliokuja na bunduki na minyororo, na si ajabu kwamba katika Kirundi neno "Umuswahili" lilibeba kwa muda mrefu maana ya mtu wa mjini, mjanja, asiyeaminika.

Njia ya pili ilikuwa ya utawala. Wajerumani walijenga kituo chao Usumbura katika miaka ya 1890, wakaafikiana na Mwezi Gisabo huko Kiganda mwaka 1903, na mwaka 1912 wakahamishia makao ya utawala wao Gitega. Askari, makarani na wapishi wao walizungumza Kiswahili. Pamoja nao likaja neno shule, ambalo Kiswahili kilikuwa kimelichukua kutoka Kijerumani, na likaja pia neno mkate. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 walileta Kifaransa na mikate mirefu ya Kifaransa, lakini walikuta jina limekwisha kukaa. Warundi hawakusema "pain". Walisema "umukate", wingi "imikate".

Njia ya tatu ilikuwa ya misheni. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899. Hapa, kama kule Meksiko, altare ilihitaji ngano. Zao hilo hustahimili baridi ya nyanda za juu, na linalimwa katika sehemu kama Mugamba na Bututsi. Halijawahi kutosha, na sehemu kubwa ya ngano ya nchi hutoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na bei ya ngano duniani ikapanda, athari yake ilifika mpaka kwenye vibanda vya chai ambavyo wenye navyo hawajawahi kuiona bahari.

Hebu sasa tuyatazame maneno yenyewe yalivyovaa nguo za wenyeji. Mkate ni wa ngeli ya m-/mi-. Kirundi kina ngeli hiyohiyo, umu-/imi-, kwa hiyo neno liliingia kama mtu anayerudi nyumbani. Wanyarwanda husema "umugati", na Waganda "omugaati". Maandazi yalipofika, yalionekana yana kiambishi cha wingi tayari, yakawa "amandazi". Wanyarwanda wakatafuta umoja wake kwa kanuni za lugha yao wenyewe, wakapata "irindazi". Mwenye kulicheka neno hilo hajui kazi kubwa ya akili iliyofanyika ndani yake. Kinshasa kuna kioja kingine: "mikate" kwa Kilingala ni vitumbua vya mviringo vya kukaangwa, na mkate wa ngano ni "lipa", wingi "mampa", kutokana na Kifaransa. Kitu na jina vilisafiri pamoja, wakapoteana njiani.

Muyinga nako kuna mlango wa nne, ambao uko wazi mpaka leo. Malori yanayotoka Tanzania huingia kupitia mpaka wa Kobero, na madereva hutaka chai na chapati kabla ya kuendelea na safari. Muuza chai wa huko hujifunza Kiswahili chake kwa wateja, bila kitabu.

Umutsima nao una heshima yake

Kuna neno jingine ambalo halionekani katika vitabu vyetu vya Kiswahili, ingawa linahusika moja kwa moja: "umutsima". Hilo ni donge la unga uliosongwa kwa maji ya moto, jamaa ya ugali. Zamani ulikuwa hasa wa mtama au ulezi. Siku hizi unga wa muhogo na wa mahindi umechukua nafasi kubwa, nao huitwa pia "ubugari".

Umutsima ulikuwa na hadhi ambayo mkate wa ngano haujaipata katika nchi hii. Katika sherehe ya kila mwaka ya Umuganuro, mwami alikuwa wa kwanza kuonja chakula cha mtama wa msimu mpya, ngoma zikilia, na hapo ndipo msimu wa kupanda mtama ulipofunguliwa kwa nchi nzima. Sherehe hiyo ilikoma wakati wa utawala wa Wabelgiji. Ngoma zilizoisindikiza zimesalia, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha yake ya turathi za binadamu. Wameksiko wana mkate wa wafu. Burundi ilikuwa na donge la mtama lililofungua mwaka.

Watafsiri wa Biblia walilielewa hilo. Katika tafsiri ya Kinyarwanda, pale ambapo Yesu anajifananisha na mkate, neno lililochaguliwa ni "umutsima", si jina la kitu cha dukani. Walijiuliza ni chakula gani ambacho msikilizaji akikikosa atasema hajala, wakakichagua hicho.

Tusisahau pia "ubuswage", muhogo uliovundikwa, ukapondwa na kufungwa katika majani, unaouzwa zaidi katika bonde la Imbo. Kongo huitwa "chikwangue" kwa Kifaransa, na wengi huueleza kuwa ni mkate wa muhogo. Kwa maana ile pana ya kamusi, kitu kilichokandwa kikashikana, ubuswage ni mkate halali kabisa.

Mkate, riziki na unga katika semi

Msamiati wa chakula hauishii mezani. Katika sala ya Baba Yetu, Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili huomba "mkate wetu wa kila siku", ilhali Biblia ya Union imetumia neno "riziki". Tafsiri ya kwanza imefuata neno, ya pili imefuata maana, na mwalimu anaweza kujenga kipindi kizima cha nadharia ya tafsiri juu ya tofauti hiyo moja. Kutokana na sala hiyo tumepata usemi wa kutafuta mkate wa kila siku, yaani kutafuta riziki.

Lakini sikiliza watu wanavyosema kazi inapopotea. Mtu aliyefukuzwa kazi Tanzania au Kenya husemwa kuwa amemwaga unga. Hakuna anayesema amemwaga mkate. Usemi wa kukopa katika sala unahusu mkate. Usemi uliozaliwa mitaani unahusu unga, kwa sababu nyumbani kuna sufuria ya ugali. Hata kampuni ya kusaga ngano iliyoanzishwa Kenya na Lord Delamere mwaka 1908 ilipewa jina la Unga.

Siasa nayo haikubaki nyuma. Baada ya mapatano ya Februari 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, Wakenya waliiita serikali ya mseto serikali ya nusu mkate. Hapo mkate umekuwa kitu cha kugawana, na mwenye kisu ndiye mwenye neno. Na tusiache kutaja ngano: ni nafaka, na ni hadithi ya kale. Maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu, lakini sisi walimu tunayahitaji yote mawili.

Darasani

Turudi Ryansoro. Tunapendekeza kwa walimu wenzetu na wanafunzi wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha mambo yafuatayo:

1. Swali la "Umekula nini?" liulizwe baada ya mwalimu kuandika ubaoni viazi vitamu, maharagwe, ndizi, muhogo, mahindi, ugali na uji. Mtoto asiyepewa neno atatumia neno alilopewa, hata kama si la kweli. Na kwa kuwa wapo ambao hawakula, mwalimu anaweza kuuliza badala yake: "Nyumbani kwenu mnapika nini?"

2. Mkate ufundishwe kwa maana yake yote. Mwanafunzi wa sekondari aorodheshe mikate kwa njia ya mapishi, yaani ya kumimina, ya kusukuma, ya kuchoma na ya kuoka, kisha aeleze ubuswage ungeingia wapi na kwa nini.

3. Wanafunzi walinganishe maneno ya Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda: mkate, "umukate", "umugati", maandazi, "amandazi", "irindazi". Waeleze ngeli ya kila neno. Zoezi hili linawaonyesha kwamba wanakijua Kiswahili nusu kabla ya kuanza kukisoma.

4. Wanafunzi wakawaulize wazee wa nyumbani: mkate wa kwanza waliouona uliletwa na nani, na waliuita nini? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili. Historia ya aina hii haimo katika maktaba yetu, na wenye kuijua wanazidi kupungua.

Hitimisho

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019. Mahitaji ya Kiswahili ni makubwa kuliko wakati wowote, na vitabu vinaagizwa kwa wingi. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa mjini, wa pwani au wa nchi jirani. Hilo si kosa la waandishi, kwani kila mtu huandika kutoka jikoni kwake. Kosa litakuwa letu tukivipeleka vilimani bila kuongeza chochote.

Tumeona kwamba mkate haukuwa wa Wazungu. Ulikuwa wa mawele, mtama na mchele, na uliitwa kwa jina la Kibantu. Tumeona kwamba mahindi ya Ryansoro yalitoka Meksiko na kwamba ngano ya Meksiko ilipandwa na Mwafrika. Kila chakula kilikuwa kigeni mahali fulani siku fulani, na kila lugha vilevile. Kiswahili kitakuwa cha mtoto wa Ryansoro siku atakapoweza kusema kwa Kiswahili, bila kuinamisha kichwa, kwamba asubuhi amekula kiazi kitamu.

Mwanafunzi wetu alirudi katika darasa lile wiki iliyofuata na kuliuliza swali lake upya, safari hii akaanza kujibu mwenyewe: "Mimi nimekula viazi." Darasa lilicheka, kisha mikono ikanyooshwa. Ubao, ameandika katika ripoti yake, haukutosha.